Gunia na Daftari: Somo juu ya Kazi Inayowanyima Watoto Elimu

Somo hili lina sehemu sita, na mwisho wake kuna maulizo na majibu. Wakatekumeni wajuao kusoma wawasomee wenzao wasiojua, polepole, sehemu moja moja. Kila sehemu izungumzwe na wote kabla ya kuendelea na ile inayofuata. Jambo linalofundishwa ni moja tu: mtoto akiondolewa shuleni ili alete fedha, jamaa yake hupata kidogo leo na kupoteza kingi kesho, na mtoto mwenyewe huibiwa mara mbili.

1. Kazi inayolea na kazi inayoharibu

Hakuna mtu mwenye busara anayefundisha kwamba mtoto asifanye kazi yoyote. Mtoto asiyejua kushika jembe, wala kuteka maji, wala kufagia kiwanja, amelelewa vibaya. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Tangu zamani mtoto wa kiume alimfuata baba yake mtegoni na mtoni, akajifunza njia za wanyama na majira ya samaki. Binti naye alikaa karibu na mama yake shambani na jikoni, akajifunza kuchagua mbegu, kuloweka mihogo na kutunza akiba ya chakula. Kazi ya namna hiyo ni malezi. Humfanya mtoto kuwa mtu mzima mwenye akili na mikono.

Lakini iko kazi nyingine inayofanana na hiyo kwa nje tu. Basi mzazi ataipambanuaje? Ajiulize mambo matatu.

La kwanza: Je, kazi hii yalingana na nguvu za mtoto, au yaweza kumvunja mgongo, kumchoma, kumzamisha, kumtia ugonjwa?

La pili: Je, kazi hii yamwachia mtoto wakati wa kwenda shuleni, wa kucheza na wa kulala?

La tatu: Je, kazi hii yamfundisha mtoto jambo la kumfaa atakapokuwa mkubwa, au yamtumia tu kama chombo?

Tazama mifano. Msichana wa miaka tisa anateka ndoo moja ndogo asubuhi, halafu anaoga na kwenda shuleni. Hiyo ni kazi njema. Msichana mwingine wa umri huohuo anabeba madumu ya maji tangu alfajiri hata adhuhuri ili yauzwe, na darasa lake limekwisha kabla hajarudi. Hiyo ni kazi mbaya, ingawa maji ni yaleyale na njia ni ileile. Kijana anasaidia kuvuna mahindi ya baba yake siku ya Jumamosi. Ni vema. Kijana mwingine ametolewa kwa mtu mwenye shamba kubwa ili alipe deni la baba yake, na msimu mzima hakuonekana shuleni. Huyo amewekwa rehani kama kitu.

Watu wengine hudhani jambo hili huonekana katika migodi tu. Sivyo. Shirika la Kazi Duniani pamoja na UNICEF walihesabu kwamba katika mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 duniani walikuwa katika kazi zisizowafaa watoto, na kati yao milioni 54 walikuwa katika kazi za hatari. Zaidi ya nusu ya wote walifanya kazi za mashamba, mifugo na uvuvi. Kwa hiyo kijiji kisicho na mgodi hata mmoja kisiseme: «Somo hili ni la wengine.»

2. Watoto wa mashimo ya Lualaba

Hata hivyo, yafaa kutazama mahali pamoja ambapo ubaya wa jambo hili unaonekana wazi. Mahali hapo ni Kolwezi na nchi iliyouzunguka mji huo. Zamani ilikuwa sehemu ya jimbo la Katanga. Tangu mwaka 2015 ni jimbo la Lualaba. Chini ya udongo wake kuna shaba nyingi, na pamoja na shaba kuna madini yaitwayo kobalti. Kobalti hutiwa ndani ya betri za simu na za magari yaendayo kwa umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo. Simu iliyo mfukoni mwa mtu wa Ulaya au wa Asia yaweza kuwa na chembe ya udongo wa Lualaba ndani yake.

Makampuni makubwa huchimba kwa mashine. Lakini wako pia wachimbaji maelfu kwa maelfu wanaochimba kwa mikono, kwa sururu, nyundo na koleo. Huingia katika mashimo membamba yasiyo na nguzo za kutosha, na mara nyingi hakuna hewa ya kutosha chini. Mvua zinapoanza, udongo hulowa na kulegea, na shimo huweza kuwafunika watu waliomo.

Karibu na wachimbaji hao wameonekana watoto. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini ya Kongo, wengi wao katika kobalti. Mwezi wa Januari mwaka 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na wenzao wa Kongo waitwao Afrewatch, walitoa taarifa juu ya watoto hao baada ya kuwauliza wenyewe. Watoto walieleza kwamba waliokota mawe yenye madini katika machimbo na katika mabaki yaliyotupwa na makampuni. Waliyaponda, waliyachuja, na kuyaosha mtoni, wakisimama ndani ya maji kwa saa nyingi. Wengine walibeba magunia ya kilo 20 hata 40. Wengine walifanya kazi hata saa 12 kwa siku, na malipo yao yalikuwa faranga 1,000 hadi 2,000, yaani kama dola moja au mbili za wakati ule.

Kobalti ikiwa vumbi huingia katika mapafu na kuyadhuru. Mtu aivutaye kwa muda mrefu aweza kupata ugonjwa wa kifua usiopona. Mifupa ya mtoto nayo haijakomaa. Mzigo mzito unaobebwa kila siku huumiza mgongo, magoti na viungo vyote. Mtu mzima akichoka hupumzika, maana ajua kipimo cha nguvu zake. Mtoto hajui kipimo hicho, tena humwogopa anayemtuma.

Jambo moja katika taarifa hiyo lastahili kufikiriwa sana. Si watoto wote walioacha shule kwa sababu hawakuipenda. Wako waliokwenda machimboni kabla ya masomo na baada ya masomo, na siku za mapumziko, ili wapate fedha za kulipia shule. Mtoto alibeba gunia ili anunue daftari. Aliipenda shule kuliko wengi walioipata bure.

Mambo ya namna hii hayakuwa katika Lualaba peke yake. Katika mashariki ya Kongo pia watoto wameonekana katika machimbo ya dhahabu na ya koltani.

3. Mizani ya mnunuzi

Ilisemwa mwanzoni kwamba mtoto aliyetolewa shuleni huibiwa mara mbili. Mara ya kwanza huibiwa nguvu zake na miaka yake. Mara ya pili huibiwa mbele ya mizani. Jambo hili la pili halitazamwi sana, lakini ndilo linaloonyesha vizuri thamani ya shule.

Mchimbaji au mtoto akipeleka gunia lake kwa mnunuzi, vitu viwili hupimwa. Kwanza ni uzito wa mawe. Pili ni wingi wa madini yaliyomo ndani ya mawe. Maana mawe mengine yana madini mengi, na mengine kidogo. Chombo cha kupimia ni cha mnunuzi. Mnunuzi ndiye asomaye namba, na mnunuzi ndiye atajaye bei. Watoto walioulizwa katika taarifa ya mwaka 2016 hawakuwa na njia ya kuhakikisha uzito wala ubora wa mawe yao. Walipokea walichopewa.

Ichukuliwe hesabu ndogo, kwa mfano tu. Mtoto ameleta gunia lenye kilo 30. Bei ni faranga 200 kwa kilo moja. Haki yake ni faranga 6,000. Lakini mnunuzi atazama mizani na kusema: «Kilo 24.» Mtoto hajui kusoma namba za mizani, wala hajui kuzidisha. Apokea faranga 4,800, ashukuru na kuondoka. Faranga 1,200 zimebaki mikononi mwa mnunuzi. Mtoto akileta gunia moja kila siku, baada ya siku tano atakuwa amepoteza faranga 6,000, yaani bei ya gunia zima. Katika kila magunia matano, moja amelibeba bure. Wala halii, kwa sababu hajui kwamba ameibiwa.

Tena iko hesabu ya wingi wa madini. Mashine huonyesha namba ya asilimia, yaani sehemu ngapi katika sehemu mia. Hesabu hii hufundishwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mtoto aliyeacha shule katika darasa la pili ataijua wapi? Hata akiwa mtu mzima wa miaka arobaini, atasimama mbele ya mashine ile kama aliyefumbwa macho.

Na mizani haiko machimboni tu. Iko sokoni, panapouzwa kahawa, mchele na mafuta ya mawese. Iko katika karatasi ya deni inayotiwa alama ya kidole na mtu asiyejua kusoma maandishi yaliyo juu yake. Iko katika dawa ya zahanati, ambayo kipimo chake kimeandikwa katika karatasi. Mama asiyejua kusoma kipimo hicho aweza kumpa mtoto wake dawa nyingi mno au kidogo mno. Ujinga hulipiwa kila siku, na bei yake haina mwisho. Shule ina gharama, ni kweli. Lakini gharama yake ina mwisho.

4. Sheria zinasema nini?

Watu wengi wa vijijini hudhani elimu ya mtoto ni zawadi: mzazi akipenda hutoa, asipopenda huzuia. Yafaa wajue kwamba elimu ni haki ya mtoto, na haki hiyo imeandikwa.

Tarehe 20 Novemba mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubali Mkataba wa Haki za Mtoto. Kifungu cha 28 chasema juu ya haki ya elimu. Kifungu cha 32 chataka mtoto alindwe asitumiwe kwa faida ya watu wengine, wala asipewe kazi ya hatari au inayozuia masomo yake. Nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, iliuthibitisha mkataba huo mwaka 1990. Mwaka 2001 Kongo ilithibitisha pia mikataba miwili ya Shirika la Kazi Duniani: ule wa mwaka 1973 juu ya umri wa kuanza kazi, na ule wa mwaka 1999 juu ya kazi zilizo mbaya kupita zote.

Katiba ya tarehe 18 Februari mwaka 2006 yaeleza katika kifungu cha 41 kwamba mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Kifungu cha 43 chasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali ni ya bure. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari mwaka 2009 yawataka wazazi wawaandikishe watoto wao shuleni, tena yakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 16. Sheria ya madini ya mwaka 2002 nayo yasema kwamba karatasi ya ruhusa ya kuchimba kwa mikono hupewa mtu mzima tu. Kwa hiyo mtoto aliye shimoni hayuko pale kwa ruhusa ya sheria yoyote.

Neno la Katiba juu ya elimu ya bure lilikaa miaka mingi bila kutimizwa. Wazazi waliendelea kuwalipa walimu kwa mikono yao wenyewe, na mtoto asiyelipa alifukuzwa darasani. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 serikali ilianza kuitimiza elimu ya msingi ya bure katika shule zake, pamoja na zile zinazoongozwa na misioni kwa mapatano na serikali. Watoto wengi walirudi. Madarasa yakajaa kupita kiasi, na walimu wakawa na kazi kubwa. Daftari, kalamu na sare bado vyahitaji fedha. Lakini mlango umefunguliwa zaidi ya zamani, na mzazi asiutazame kama ungali umefungwa.

5. Maneno yasemwayo na wazazi, na majibu yake

Neno la kwanza: «Sisi ni maskini. Mtoto asipofanya kazi hatutakula.»

Neno hili si la kudharauliwa. Wako wazazi, hasa akina mama wajane, ambao faranga elfu moja ya mtoto ndiyo chumvi na unga wa jioni. Mtu aliyeshiba asiwahukumu. Lakini kijiji chote kifikiri: mtoto akiishi bila elimu, atakuwa na kazi ya namna gani atakapozaa? Ileile ya kubeba. Na watoto wake watatolewa shuleni kwa sababu ileile. Hivyo umaskini huzaa kazi ya watoto, na kazi ya watoto huzaa umaskini. Mnyororo huo lazima ukatwe mahali fulani, na mzazi mmoja peke yake hana nguvu za kuukata. Ndiyo maana sehemu ya sita ya somo hili inazungumza juu ya msaada wa wote.

Neno la pili: «Wako waliosoma nao hawana kazi. Shule yafaa nini?»

Ni kweli kwamba si kila aliyesoma hupata kiti ofisini. Lakini shule haikuwekwa ili kutoa makarani tu. Mkulima ajuaye kusoma na kuhesabu huuza mavuno yake kwa bei ya haki. Fundi ajuaye vipimo hajengi nyumba ya kuanguka. Mama ajuaye kusoma hufuata vizuri maagizo ya zahanati. Jembe halilaumiwi kwa sababu mvua imechelewa.

Neno la tatu: «Binti ataolewa. Kumsomesha ni kumwagilia shamba la mtu mwingine.»

Wasemao hivyo wamesahau kwamba binti atakuwa mama, na mama ndiye mwalimu wa kwanza wa kila mtoto. Tena mume aweza kufa au kuondoka. Mjane aliyesoma ajua kuandika barua, kudai haki yake na kulisha watoto wake. Mara nyingi fedha zinapopungua nyumbani, binti ndiye wa kwanza kuondolewa shuleni. Mzazi mwenye haki hapimi watoto wake kwa mizani mbili.

Neno la nne: «Mtoto amepewa amri ya kuwatii wazazi wake.»

Ndiyo, amri ya nne yawafundisha watoto heshima kwa baba na mama. Lakini amri hiyohiyo, kama katekisimu ifundishavyo, yawapa wazazi nao wajibu wao: kuwalisha watoto, kuwalinda na kuwalea. Mzazi hakupewa mtoto kama mali. Na mambo haya si mapya katika mafundisho ya Kanisa. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alionya watoto wasitiwe katika viwanda kabla miili na akili zao hazijakomaa.

Neno la tano: «Wazungu walipata mali bila taabu hizi. Sisi lazima tuanze na watoto wetu.»

Si hivyo. Ulaya nayo ilikuwa na watoto mashimoni. Katika migodi ya makaa ya Uingereza watoto wadogo waliingia chini ya ardhi, mpaka sheria ya mwaka 1842 ilipowakataza wavulana wasiotimiza miaka 10, pamoja na wanawake na wasichana wote. Ubelgiji ilikataza kazi za viwanda kwa watoto wasiotimiza miaka 12 katika mwaka 1889 tu, na mwaka 1914 ikatoa sheria ya kuwalazimisha watoto kwenda shuleni. Sheria hiyo haikuwahusu watoto wa Kongo, ingawa Kongo ilikuwa chini ya Ubelgiji wakati huo. Wenye viwanda walilalamika, na wazazi maskini walihofu njaa. Hata hivyo nchi hizo hazikuanguka watoto walipokwenda shuleni, ziliendelea. Haki ambayo watoto wa Kongo walinyimwa mwaka 1914, wasinyimwe sasa na wazazi wao wenyewe.

6. Yapasayo kufanywa kijijini

Kwanza, mtoto aandikishwe azaliwapo. Sheria ya Kongo yataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikwe katika ofisi ya serikali ndani ya siku 90. Mtoto asiye na karatasi ya kuzaliwa hana ushahidi wa umri wake. Mwajiri mbaya atasema: «Huyu ni mtu mzima,» na nani atambishia?

Pili, mtoto aanze shule kwa wakati wake, yaani atimizapo miaka sita. Mtoto anayeanza akiwa na miaka kumi huona haya kukaa na wadogo, na haya hiyo humtoa darasani upesi.

Tatu, kazi za nyumbani zipangwe zisigongane na saa za shule. Wakati wa mavuno wazazi wa nyumba kadhaa wasaidiane shamba kwa shamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ili watoto wasitolewe darasani. Desturi hii ya kusaidiana ni ya wazee. Yafaa ifufuliwe kwa ajili ya shule.

Nne, fedha za daftari na sare zitafutwe pamoja. Watu wengi wa Kongo wajua likelemba, ambayo kila mwanachama huweka fedha kidogo na mmoja baada ya mwingine hupokea jumla. Likelemba ya shule, inayotolewa mwezi mmoja kabla ya masomo kuanza, yaweza kumwokoa mjane asimpeleke mtoto wake machimboni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tano, mtoto aliyekwisha kuacha shule asitukanwe wala asichekwe. Ziko shule za kurudishia masomo, ambamo mtoto aliyechelewa husoma kwa miaka mitatu mambo ya miaka sita ya shule ya msingi. Wazazi wamwulize mwalimu mkuu au padri shule ya namna hiyo iko wapi. Huko Kolwezi Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika baada ya mwaka 2010, waliwafungulia watoto wa machimbo masomo na chakula, na wakati huohuo wakawafundisha akina mama kilimo na kazi nyingine za kuwapatia riziki. Njia hiyo ina hekima: haitoshi kumwambia mtoto aache gunia, ikiwa hakuna anayemsaidia mama yake kupata unga.

Sita, mtu anayewakusanya watoto na kuwapeleka machimboni, mashambani au katika nyumba za watu mjini kwa ahadi tamu, asikaribishwe kijijini. Ahadi ya simu au ya baiskeli isimpofushe baba. Mambo ya mtu huyo yapelekwe kwa mkuu wa kijiji na kwa serikali, tena upesi, kabla watoto hawajaondoka.

Maulizo na majibu

Ulizo: Je, kila kazi ya mtoto ni mbaya?
Jibu: Hapana. Kazi inayolingana na nguvu zake, inayomwachia wakati wa shule na inayomfundisha jambo la kumfaa, ni malezi mema.

Ulizo: Kazi mbaya kwa mtoto ni ipi?
Jibu: Ni ile inayomdhuru mwili au roho, au inayomzuia asisome.

Ulizo: Kwa nini yasemwa kwamba mtoto aliyetolewa shuleni huibiwa mara mbili?
Jibu: Kwa sababu huibiwa nguvu na miaka ya utoto wake, kisha huibiwa haki yake mbele ya mizani, maana hajui kusoma wala kuhesabu.

Ulizo: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema nini juu ya elimu ya msingi?
Jibu: Yasema kwamba ni ya lazima, na katika shule za serikali ni ya bure.

Ulizo: Je, mtoto aweza kupewa karatasi ya ruhusa ya kuchimba madini?
Jibu: Hapana. Karatasi hiyo hupewa mtu mzima tu.

Ulizo: Je, mzazi maskini ana kosa akikosa fedha za daftari?
Jibu: Kukosa fedha si kosa. Kosa ni la kijiji kizima kikijua na kunyamaza.

Ulizo: Ni nani wapaswa kumlinda mtoto?
Jibu: Wazazi kwanza, kisha jamaa, mwalimu, mkuu wa kijiji, misioni na serikali, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake.

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo

Wakatekumeni wagawane nyumba za kijiji. Katika kila nyumba waulize kwa upole: Wako watoto wangapi wenye umri wa miaka sita hata kumi na minne? Wangapi wanakwenda shuleni? Asiyekwenda anazuiwa na nini: fedha, ugonjwa, umbali, au kazi? Majibu yaandikwe katika daftari moja na yule ajuaye kuandika vizuri. Katika somo lijalo majina yasomwe mbele ya katekista na wazee, si kwa kuwaaibisha wazazi, bali ili kwa kila jina apatikane mtu mmoja atakayesema: «Huyu nitamfuata mimi, mpaka nimwone darasani.»